Tovuti ya CWGC kwa familia za keya: inafaa hata kama baba alirudi salama

Mtu akiandika jina la baba yake, keya (askari wa King's African Rifles, KAR) aliyepigana Burma, Myanmar ya leo, kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC), akaambiwa hakuna kitu, mara nyingi hufunga ukurasa na kusema Mwingereza amewafuta wazee wetu. Kufutwa kupo, na tutafika huko. Lakini kwa familia nyingi sababu ni nyepesi zaidi: mzee alirudi. Hifadhidata hii ni ya waliokufa tu, tena waliokufa ndani ya muda uliowekwa. Kwa vita vya kwanza ni kuanzia tarehe 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na kwa vita vya pili ni kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyefariki kwake Machakos au Songea mwaka 1948 kwa jeraha alilolipata Burma hayumo, hata kama kijiji kizima kinajua kilichomuua.

Kwa hiyo tovuti tunaipima kwa swali ambalo haikutengenezewa: mtoto au mjukuu wa keya aliyerudi nyumbani anapata nini humo? Anapata tarehe. Wazee walisimulia vita kwa majina ya wenzao na mahali walipopita, kwa nadra sana kwa tarehe. "Fulani alipigwa risasi siku ile mvua haikatiki." "Tulikuwa na kijana wa Tukuyu, akafa kwenye meli." Fulani huyo yumo kwenye hifadhidata, na kumbukumbu yake ina batalioni, siku na mahali. Ukimpata yeye, umejua baba alikuwa wapi siku hiyo.

Huduma ni bure, haihitaji kujisajili, na inafunguka hata kwenye simu ya kawaida. Imeandikwa kwa Kiingereza, na hilo ni kikwazo kwa wazee ambao ndio wenye majina vichwani. Kaeni wawili: mmoja akumbuke, mwingine achape.

Kinachotangulia ni sanduku la baba

Usianze na intaneti. Anza na cheti cha kutoka jeshini kama kipo, barua, picha zenye maandishi nyuma, na nishani. Unatafuta vitu viwili: namba ya jeshi na jina kamili la kikosi. Namba za Afrika Mashariki mara nyingi hutanguliwa na herufi. Zinakili zilivyo, pamoja na mkwaju au nafasi iliyo katikati, kwa sababu herufi hizo ni sehemu ya namba.

Kwenye kikosi ndiko wengi wanakopotea. Kijijini kila aliyevaa sare aliitwa keya, lakini si kila aliyevaa sare alikuwa King's African Rifles. Madereva walikuwa East African Army Service Corps, wahudumu wa hospitali walikuwa East African Army Medical Corps, wapiga mizinga walikuwa East African Artillery, na maelfu ya wengine walikuwa mapaioneer waliojenga barabara na kupakua shehena. Tovuti inavihesabu hivi kama vikosi tofauti kabisa. Ukichuja kwa KAR huku mzee na wenzake walikuwa madereva wa malori, utatafuta mpaka kesho.

Kwa waliokuwa KAR kweli, tarakimu ya mwisho ya batalioni husaidia kujua asili yake. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, na ya 26, 36 na 46 zilikuwa za Tanganyika pia. Ya 4 ilikuwa ya Uganda, vivyo hivyo ya 34 na 44. Ya 2 na ya 22 zilitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Kanuni hii ina mashimo, kwa mfano ya 11 ilikuwa ya Kenya na ya 71 ya Somaliland, kwa hiyo itumie kama fununu, si ushahidi.

Nishani nazo zisome kwa macho, kwa sababu kwa jina hazitakwambia kitu. Tofauti na nishani nyingi za 1914 hadi 1918, zile ambazo Uingereza ilitoa kwa vita vya pili hazikuchongwa jina la askari. Nyota ya Burma uliyonayo mezani haithibitishi kuwa ni ya baba yako, inathibitisha tu kwamba ni Nyota ya Burma. Muuzaji wa vitu vya kale anayedai anaweza kukutafutia mwenye nyota isiyo na jina anakuuzia upepo. Ila aina ya nishani inapunguza eneo la kutafuta. Nyota ya Afrika, yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, ilitolewa pia kwa waliopigana Uhabeshi na nchi za Wasomali dhidi ya Mtaliano. Ya Burma ina utepe wa buluu iliyokoza, mwekundu mpana katikati na michirizi ya rangi ya chungwa. Nishani ya duara ya War Medal 1939–45 ilihitaji siku 28 tu za utumishi, kwa hiyo peke yake haisemi mzee alikwenda wapi. Na utepe uliokwisha kubadilishwa na fundi cherehani usiuamini hata kidogo. Soma maandishi kwenye chuma chenyewe.

Namna ya kutafuta ili upate kitu

Ingia sehemu ya kutafuta waliokufa vitani, kisha fungua utafutaji wa kina. Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kujaza visanduku vyote: jina la ukoo, jina la kwanza, cheo, kikosi, mwaka. Kila kisanduku unachojaza ni mlango unaoufunga. Acha jina wazi kabisa. Chagua vita vya pili, jeshi la nchi kavu, kikosi King's African Rifles, kisha weka tarehe ya kuanzia na ya kuishia kufuatana na simulizi.

Tarehe hizo utazipata hivi. Mzee akisimulia Mogadishu na Addis Ababa, ni 1941: Mogadishu ilitekwa tarehe 25 Februari, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Akitaja Gondar, vita vya huko viliisha tarehe 27 Novemba mwaka huohuo. Akisema Bukini, yaani Madagascar, weka Septemba hadi Novemba 1942. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga mwezi Septemba na Antananarivo ikaangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 23 mwezi huo. Akizungumzia mafunzo ya msituni huko Seloni, Sri Lanka ya leo, hiyo ni Divisheni ya 11 kabla ya kwenda Burma, na wafu wa kipindi hicho wengi walikufa kwa maradhi na ajali. Burma yenyewe kwa divisheni hiyo ni kuanzia Agosti 1944, iliposhika njia kutoka Tamu kuteremka bonde la Kabaw, hadi Desemba, ilipofika Kalewa kwenye mto Chindwin. Anayesimulia daraja refu la chuma lililotandazwa juu ya mto huo anasimulia Desemba 1944. Mzee wa batalioni ya 7, 46 au 71 alikuwa Brigedi ya 28, iliyopigana Letse mwanzoni mwa 1945. Hapo usitafute Kabaw.

Matokeo yakitokea, usiyasome kurasa kwa kurasa. Kuna kitufe cha kupakua orodha nzima kama jedwali. Lipakue kwenye kompyuta, lifungue kwa Excel, lipange kwa batalioni kisha kwa tarehe. Hapa ndipo tovuti inapogeuka kuwa chombo cha maana. Utaona batalioni fulani haina kifo kwa wiki tatu, halafu siku moja ina majina tisa. Siku hiyo ilikuwa ya mapigano, na kama baba alikuwa batalioni hiyo, ndiyo siku aliyoisimulia au ndiyo aliyokataa kuisimulia. Kifo kimoja kimoja kilichotawanyika, tena kwenye makaburi yaliyokuwa karibu na hospitali za nyuma, mara nyingi ni malaria, homa ya matumbo au ajali ya gari. Lakini hayo ni makisio yako, kwa maana tovuti kwa kawaida haitaji chanzo cha kifo. Tunaliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko yote kwa familia, ingawa si la kulaumu tume: kazi yake tangu ilipoundwa mwaka 1917 ni kutunza majina na makaburi, si faili za hospitali.

Kisanduku ambacho watu wengi hukiruka ni cha maelezo ya ziada. Baadhi ya askari wa Afrika Mashariki wameandikiwa humo jina la baba na mahali walikotoka. Andika Kitui, Masasi, Bukoba au jina la lokesheni yenu, ukiacha kisanduku cha jina wazi. Hii ndiyo njia fupi ya kupata vijana walioandikishwa pamoja na baba, kwa sababu uandikishaji ulikwenda kwa wilaya. Usitegemee kila mmoja awe na maelezo hayo. Wengi wana cheo, namba, tarehe, basi. Umri ndio haba zaidi.

Meli aliyoizungumzia kila mtu

Mfano mmoja unaonyesha nguvu ya njia hii. Pwani na bara kuna familia nyingi zenye simulizi ya meli iliyozama "ikienda India". Tafuta tarehe moja tu: 12 Februari 1944, bila kikosi wala jina. Meli Khedive Ismail ilikuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo katika msafara. Nyambizi ya Japani I-27 ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakiwemo askari wengi wa Rejimenti ya 301 ya East African Artillery na wauguzi wanawake. Wengi wa askari hao wa Afrika Mashariki wameandikwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kama kijana wa Tukuyu wa kwenye simulizi ana tarehe hiyo na kikosi hicho, simulizi imesimama. Kama ana tarehe nyingine, basi mzee alichanganya safari mbili, jambo la kawaida kwa mtu anayesimulia miaka arobaini baadaye. Msimamo wetu ni kwamba usimsahihishe mbele ya wajukuu. Andika yote mawili, alivyosema na ilivyoandikwa.

Kumbukumbu nyingi huambatana na nakala za karatasi za zamani zilizopigwa picha, kama orodha za usajili wa makaburi na orodha za majina ya kwenye minara. Zifungue hata kama zinakula bando. Kwenye karatasi hizo unaona mwandiko ulivyokuwa kabla ya mtu kuuchapa, na mara kadhaa kosa la jina limezaliwa hapo.

Majina, ndipo maumivu yalipo

Makarani waliandika walichosikia. Kwa hiyo Mwangi anaweza kuwa Muangi, Mutua akawa Mutwa, Ochieng akakosa herufi ya mwisho, na r na l zikabadilishana nafasi. Jina kama Juma bin Ali linaweza kuwekwa lote kwa mkupuo upande wa jina la ukoo, au likakatwa pasipotakiwa. Wapo walioandikwa jina moja tu. Na wapo waliojiandikisha kwa jina la kaka au la kubuni kwa sababu zao, na hapo hakuna tovuti itakayokusaidia, ni shangazi pekee.

Dawa yake ni lile jedwali ulilopakua. Ndani ya Excel tafuta vipande vya jina, si jina zima: "uang", "wang", "ochi". Tafuta pia kwa namba. Namba zilizofuatana kwa karibu zenye herufi zilezile za mwanzo mara nyingi ni vijana walioandikishwa siku moja kituo kimoja. Ukiwa na namba ya baba kutoka kwenye cheti, angalia walio juu na chini yake. Njia hii inataka subira lakini haina gharama, na imewahi kufungua simulizi ambazo kwa majina zilikuwa zimefungwa.

Wale waliozikwa Burma, au ambao kaburi lao halikujulikana, utawaona zaidi Taukkyan, kaskazini ya Yangon. Ndani ya makaburi hayo upo Mnara wa Rangoon wenye majina karibu 27,000. Kumbukumbu ikitaja namba ya uso au ya bamba badala ya namba ya kaburi, maana yake hakuna kaburi linalojulikana, jina liko ukutani tu. Mwambie hivyo mjane au mtoto mapema, kabla mtu hajaanza kuulizia nauli.

Pasipo na haki

Kwa vita vya 1914 hadi 1918 hatuwezi kuisifu. Mjukuu wa mpagazi wa Carrier Corps, wale waliobeba mizigo na risasi kuanzia Taveta hadi Rufiji, kwa kawaida hatapata jina. Ripoti ya kamati maalumu ya tume yenyewe, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuwekewa kumbukumbu kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Kwa mtafutaji maana yake ni moja: jina la babu mpagazi likikosekana, usihesabu kwamba hakwenda. Jalada la wilaya kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, lina nafasi kubwa zaidi ya kukusaidia kuliko tovuti hii.

Ukishapata tarehe

Tarehe na batalioni ndiyo tiketi ya hatua inayofuata, shajara za vita zilizohifadhiwa The National Archives, Kew, London. Za vikosi vilivyokuwa Burma ziko kundi la WO 172, za Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati WO 169. Katalogi yake hutafutwa bure mtandaoni: andika "King's African Rifles", namba ya batalioni na mwaka, utapata namba ya jalada. Kuagiza nakala kunagharimu na bei hupanda haraka kwa kurasa, na jalada la mwaka mmoja wa batalioni moja linaweza kuwa nene. Kama una ndugu aliye London, mpe namba ya jalada. Atatengeneza kitambulisho cha msomaji, ataketi na jalada, na atapiga picha kwa simu yake bila malipo. Mwelekeze apige kila ukurasa wa miezi miwili inayoizunguka tarehe yako, pamoja na viambatisho vya nyuma, kwa kuwa ramani na orodha huwa huko.

Usitarajie jina la baba ndani yake. Shajara iliandikwa na afisa, na askari Waafrika mara nyingi huonekana kama hesabu tu, pengine kwa herufi AOR (African Other Ranks, askari Waafrika wasio maafisa) na tarakimu mbele yake. Utakachopata ni mvua, umbali uliotembewa, kijito kilichovukwa, saa ambayo adui alifyatua kombora la kwanza. Kwa simulizi ya familia hicho ni kingi.

Kurekebisha kosa

Ukikuta ndugu aliyekufa vitani hayumo, au jina limeharibiwa, tume hupokea maombi kupitia tovuti. Kinachohitajika ni karatasi ya wakati ule: taarifa ya kifo iliyotumwa nyumbani, barua ya jeshi, cheti chenye namba. Simulizi pekee haitoshi, hata ikiwa na mashahidi kumi. Piga picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi, ukurasa mzima pamoja na kingo zake, mbele na nyuma, maana muhuri wa tarehe mara nyingi uko nyuma. Usibandike karatasi iliyochanika kwa selotepu kabla ya kuipiga picha, kwa kuwa gundi hugeuka manjano na kumeza wino. Andika namba ya jeshi kwenye ombi lenyewe, usiiache ndani ya picha tu. Na karatasi halisi usiitume popote. Nakala inatosha.